Namba za usajili wa magari Afrika Mashariki

Namba ya usajili wa gari (pia: namba ya gari, nchini Kenya: nambari ya usajili) ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambao mamlaka ya serikali hukipa kila chombo cha moto kinachoruhusiwa kutembea barabarani. Namba hiyo huandikwa kwenye kibao cha namba, ambacho watu wengi huita pleti namba. Gari hufungwa vibao viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Tela hufungwa kimoja tu, nyuma.

Nchi za Afrika Mashariki hutumia miundo inayofanana kwa mbali, lakini kila nchi ina kanuni zake. Herufi ileile inaweza kuwa na maana moja Dar es Salaam na nyingine Mombasa, na rangi ya njano inayotambulisha gari binafsi nchini Tanzania haina maana hiyo nchini Kenya. Makala hii inaeleza miundo ya Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya, Uganda na Rwanda, sababu za miundo hiyo kubadilika, na mambo ambayo namba haiwezi kumwambia msomaji wake.

## Kazi ya namba

Kibao hakitaji jina la mwenye gari. Kinachoandikwa juu yake ni ufunguo wa rejista inayotunzwa na serikali. Katika rejista hiyo, kila namba inaungana na taarifa za gari: aina yake, rangi, mwaka lilipoundwa, namba ya chesi, namba ya injini, na jina la mmiliki aliyesajiliwa. Taarifa hizo ndizo zinazochapishwa kwenye kadi ya gari.

Kwa hiyo namba inatumika kwa kazi kadhaa kwa pamoja:

* kumtambua mmiliki baada ya ajali, hasa pale dereva anapokimbia;
* kukusanya kodi, ada na faini;
* kuthibitisha bima;
* kutafuta gari lililoibwa au lililotumika katika uhalifu;
* kutenganisha magari ya serikali, ya biashara, ya binafsi na ya kibalozi.

Kazi hizi zote zinategemea mambo mawili: kwamba kibao kinasomeka, na kwamba rejista inasema kweli. Kibao kizuri kinachoelekeza kwenye rejista iliyopitwa na wakati hakimsaidii mtu aliyegongwa na gari.

## Historia

Vibao vya namba vilianza Ufaransa. Tarehe 14 Agosti 1893 polisi wa Paris walitoa amri kwamba kila gari liwe na kibao chenye jina na anwani ya mwenyewe pamoja na namba ya kibali. Uholanzi ilianza kutoa namba kwa nchi nzima mwaka 1898. Uingereza ilipitisha sheria ya magari mwaka 1903, na kuanzia tarehe 1 Januari 1904 kila gari nchini humo lilitakiwa kusajiliwa na kubeba namba.

Utaratibu wa Kiingereza ndio uliofika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar wakati wa ukoloni. Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya Ubelgiji, zilipata utaratibu wa Kibelgiji.

Magari yalipoanza kuvuka mipaka, mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1909 ulikubali kwamba gari linaloingia nchi nyingine libebe alama ya nchi linakotoka. Alama hizo bado zipo, na zile za Afrika Mashariki zina kumbukumbu ya historia ndani yake:

| Alama | Nchi | Maelezo |
|---|---|---|
| EAK | Kenya | EA ni kifupi cha Kiingereza cha Afrika Mashariki |
| EAU | Uganda | kama hapo juu |
| EAT | Tanzania | T ilikuwa ya Tanganyika, kabla ya Muungano wa 1964 |
| EAZ | Zanzibar | imebaki licha ya Muungano |
| RWA | Rwanda | |
| RU | Burundi | inatokana na jina la kale Ruanda-Urundi |
| CGO | Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo | |

Alama hizi ni tofauti na namba yenyewe. Zinaonyesha nchi tu, na kwa kawaida hubandikwa pembeni ya kibao au kwenye kibandiko cha duara la yai nyuma ya gari.

## Tanzania Bara

Magari ya Tanzania Bara husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Usimamizi wa barabarani uko mikononi mwa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

### Muundo wa kawaida

Muundo unaotumika sasa ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Una sehemu tatu:

T 123 ABC

* T inasimama kwa Tanzania na haibadiliki;
* 123 ni tarakimu tatu;
* ABC ni herufi tatu za mfululizo.

Tarakimu zikifika mwisho, herufi ya mwisho hupanda: baada ya kundi la AAA huja AAB, kisha AAC, na kuendelea. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu ndiyo inayokwenda polepole kuliko zote. Ilianza A, ikafuata B, C na D. Magari yanayosajiliwa miaka ya karibuni yako kwenye E.

Muundo huu hauonyeshi mkoa wala wilaya. Gari lililosajiliwa Mwanza na lililosajiliwa Mtwara siku hiyohiyo yanaweza kuwa na namba zinazofuatana.

Tela husajiliwa peke yake. Ndiyo maana taarifa za polisi kuhusu ajali za malori hutaja namba mbili: moja ya kichwa cha lori na nyingine ya tela lake. Kichwa kinaweza kubadilisha tela, na kila kimoja kinaweza kuwa cha mmiliki tofauti.

### Pikipiki na bajaji

Pikipiki na bajaji hutumia MC badala ya T, kwa mfano MC 123 ABC. MC ni kifupi cha neno la Kiingereza la pikipiki. Kwa kuwa bodaboda zimeongezeka kwa kasi, mfululizo wa MC una safari yake wenyewe na haulingani na ule wa magari. Herufi C kwenye pikipiki haina uhusiano na herufi C kwenye gari.

### Rangi

Kwenye magari ya kawaida ya Tanzania Bara rangi huonyesha matumizi ya chombo:

* njano yenye maandishi meusi: chombo cha matumizi binafsi;
* nyeupe yenye maandishi meusi: chombo cha biashara, kama daladala, basi, teksi, bodaboda au lori la mizigo.

Vibao vya mbele na nyuma huwa na rangi moja. Tofauti hii ina maana kwa abiria. Gari lenye kibao cha njano halikusajiliwa kubeba abiria kwa nauli, na bima yake huenda haikukatwa kwa ajili ya kazi hiyo. Abiria anayepanda gari la aina hiyo kwa nauli anaweza kupata shida kudai fidia ajali ikitokea.

### Magari ya umma na ya kibalozi

Magari ya serikali na taasisi zake hayatumii T 123 ABC. Yana herufi zake:

| Herufi | Mwenye gari |
|---|---|
| STK, STJ, STL | Serikali ya Tanzania (wizara na idara) |
| SM | Serikali za mitaa, yaani halmashauri |
| SU | Mashirika ya umma |
| DFP | Miradi inayofadhiliwa na wahisani |
| PT | Polisi |
| MT | Magereza |
| JW | Jeshi la Wananchi |
| CD | Balozi na wanabalozi |

Herufi CD hutumika karibu duniani kote. Ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kundi la wanabalozi. Kwenye namba za kibalozi nchini Tanzania, tarakimu za upande mmoja wa CD hutambulisha ubalozi au shirika, na za upande mwingine hutambulisha gari lenyewe.

Herufi za magari ya umma ziko hapo ili mwananchi aweze kuona gari la umma linatumika wapi. Gari la SM lililoegeshwa nje ya ukumbi wa harusi usiku wa Jumamosi linaweza kuulizwa maswali na mtu yeyote anayejua herufi hizo.

### Namba maalumu

Mmiliki anaweza kuomba namba ya jina au maneno anayoyapenda badala ya mfululizo wa kawaida. Ada yake ilikuwa shilingi milioni 5 kwa kila miaka mitatu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 iliipandisha hadi shilingi milioni 10 kwa muda huohuo. Hata gari lenye kibao cha jina lina kumbukumbu kamili katika rejista kama magari mengine.

## Zanzibar

Zanzibar ina rejista yake. Magari ya Unguja na Pemba huanza na herufi Z, kisha tarakimu na herufi mbili, kwa mfano Z 123 AB. Magari ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hubeba herufi SMZ.

Kuwepo kwa rejista mbili katika nchi moja kuna athari kwa wananchi. Gari lililoingizwa Zanzibar lilitozwa kodi kwa utaratibu wa Zanzibar. Mwenyewe akitaka kulihamishia Bara moja kwa moja, hutakiwa kukamilisha tofauti ya kodi na kulisajili upya kwa namba ya T. Usajili wa vyombo vya moto umekuwa miongoni mwa hoja zilizojadiliwa kwa miaka mingi kati ya serikali mbili chini ya jina la *kero za Muungano*. Kwa hiyo mtu anayeuziwa Dar es Salaam gari lenye namba ya Z anapaswa kuuliza kwanza kama kodi ya Bara imelipwa, maana bei ndogo anayotajiwa inaweza kuwa haijajumuisha gharama hiyo.

## Kenya

Nchini Kenya usajili uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Vibao hutengenezwa katika gereza la Kamiti, Nairobi. Malighafi ikikosekana gerezani, wenye magari mapya nchini kote husubiri.

### Muundo wa kawaida

KAB 123C

* K inasimama kwa Kenya;
* AB ni herufi mbili za mfululizo;
* 123 ni tarakimu, kuanzia 001 hadi 999;
* C ni herufi ya mwisho, ambayo hupanda kila tarakimu zinapofika 999.

Baada ya KAB 999C huja KAB 001D. Herufi ya mwisho ikifika Z, herufi za mwanzo hupanda na kuwa KAC. Herufi I na O hurukwa kwa sababu zinafanana na tarakimu 1 na 0.

Mfululizo wa KDA ulianza mwaka 2020. Mwaka 2022 serikali ilizindua vibao vya kizazi kipya, vyenye alama za usalama zinazofanya iwe vigumu kuvighushi. Vilianza kutolewa na mfululizo wa KDK.

### Rangi

Kenya ilifuata Uingereza, ambako vibao vinavyong'aa, vyeupe mbele na vya njano nyuma, vililazimishwa kwa magari mapya kuanzia Januari 1973. Kwa hiyo gari la Kenya lina kibao cheupe mbele na cha njano nyuma, liwe la binafsi au la biashara. Mtanzania akiona matatu ya Kenya ikiwa na kibao cha njano nyuma asidhani ni gari la binafsi.

### Vyombo vingine

* Pikipiki: KM na herufi mbili, kwa mfano KMAB 123C.
* Tuktuk: KTW na herufi moja, kwa mfano KTWA 123B.
* Mitambo mizito: KHM na herufi moja.
* Tela: Z, herufi moja na tarakimu nne, kwa mfano ZA 1234. Namba hii isichanganywe na ile ya Zanzibar.
* Serikali ya taifa: GK, kifupi cha Kiingereza cha Serikali ya Kenya.
* Serikali za kaunti: namba ya kaunti ikifuatwa na CG. Mombasa ni kaunti ya 1 na Nairobi ni ya 47. Gari lenye 47CG ni la serikali ya kaunti ya Nairobi.
* Wanabalozi: CD ikitanguliwa na tarakimu za ubalozi, na K mwishoni.

## Uganda

Muundo uliozoeleka Uganda ni UAB 123C: U ya Uganda, herufi mbili, tarakimu tatu na herufi moja. Magari ya serikali huanza na UG na ya polisi na UP.

Mwezi Machi 2017 afisa wa ngazi ya juu wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa kwa risasi Kampala na watu waliokuwa kwenye pikipiki. Baada ya mauaji hayo na mengine yaliyofuata, Rais Yoweri Museveni alitaka magari na pikipiki zote ziwe na vibao vya kielektroniki vinavyoweza kufuatiliwa. Mwaka 2021 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Kirusi kwa ajili ya mradi huo, na vibao vya kwanza vilifungwa kwenye magari ya serikali mwaka 2023. Vibao vipya vina muundo wa UA 123AB.

Mradi huo ulipingwa na watetezi wa haki za binadamu. Walisema kibao kinachoonyesha gari liko wapi kila wakati kinaipa serikali uwezo wa kufuatilia wananchi wasio na kosa. Serikali ilijibu kwamba bila uwezo huo wauaji wanaotumia pikipiki hawatapatikana.

## Rwanda

Rwanda hutumia muundo unaofanana na wa Kenya: RAB 123C, ambapo R ni ya Rwanda. Magari ya serikali hutambulishwa kwa herufi GR. Msafiri anaweza kutofautisha gari la Rwanda, Uganda na Kenya kwa kuangalia herufi ya kwanza tu, kwani mpangilio uliobaki ni mmoja kwa namba za zamani za Uganda na zile za nchi nyingine mbili.

## Kwa nini miundo hubadilika

### Nafasi kuisha

Kila muundo una idadi maalumu ya namba unazoweza kutoa. Kenya ni mfano mzuri. Muundo wake wa zamani ulikuwa herufi tatu na tarakimu tatu tu, bila herufi ya mwisho, kwa mfano KAB 123. Tukiacha I na O, zinabaki herufi 24. Basi:

* muundo wa zamani: 24 × 24 × 999 = namba 575,424;
* muundo wenye herufi ya mwisho: 575,424 × 24 = namba 13,810,176.

Herufi moja iliyoongezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ilizidisha nafasi mara 24. Hesabu hii ni ya kinadharia, kwani baadhi ya mifululizo hutengwa kwa vyombo maalumu kama pikipiki.

Kwa hesabu hiyohiyo, kila kundi la herufi za mwanzo nchini Kenya, kama KDA, lina nafasi 24 × 999, yaani magari 23,976. Mtu anayejua hivyo anaweza kupima kasi ya uingizaji wa magari kwa kuangalia tu herufi zinapita kwa haraka kiasi gani.

### Usalama

Sababu ya pili ni kughushi. Kibao cha bati chenye maandishi ya kawaida kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote mwenye vifaa. Vibao vya Kenya vya 2022 na vya Uganda vya 2023 vililenga zaidi kuzuia kughushi na kufuatilia magari kuliko kuongeza nafasi.

### Utawala

Sababu ya tatu ni mabadiliko ya serikali yenyewe. Kenya ilipoanzisha kaunti 47 kwa katiba ya mwaka 2010, ilihitaji namba za magari ya kaunti, na herufi za CG zikapatikana.

## Namba na umri wa gari

Katika soko la magari yaliyotumika, namba imekuwa njia ya kutaja bei. Tangazo la Tanzania litasema gari ni "namba D" au "namba E". La Kenya litasema ni KCU au KDG. Wanunuzi wengi hudhani kwamba herufi ya mbele zaidi ina maana ya gari jipya zaidi.

Dhana hiyo ni kweli kwa nusu tu. Herufi huonyesha lini gari liliandikishwa nchini. Haionyeshi lini liliundwa. Magari mengi ya Afrika Mashariki huletwa yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani. Toyota iliyoundwa mwaka 2004 na kuingia Tanzania mwaka 2020 itapewa namba D, wakati Toyota ya namna hiyohiyo iliyoundwa mwaka 2008 na kuingia mwaka 2013 itakuwa na namba C. Ya pili ni changa kwa miaka minne, lakini sokoni inaweza kuuzwa kwa bei ndogo kwa sababu ya herufi yake.

Nchini Kenya tofauti hiyo ni ndogo, kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lilipoundwa. Tanzania huruhusu magari ya zamani zaidi kwa kuyatoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Hivyo pengo kati ya namba na umri linaweza kuwa kubwa zaidi Tanzania. Mwaka wa kuundwa husomwa kwenye kadi ya gari na kuthibitishwa kwa namba ya chesi.

## Namba kama mali

Tanzania na Kenya, namba hubaki na gari. Likiuzwa, namba huenda na gari hilo kwa mmiliki mpya. Katika nchi za Ghuba ni tofauti: namba inaweza kuwa mali ya mtu, naye huihamisha kutoka gari moja hadi jingine au kuiuza peke yake.

Kwa sababu hiyo namba fupi zina thamani kubwa huko. Mwaka 2008 namba "1" ya Abu Dhabi iliuzwa mnadani kwa dirhamu milioni 52.2. Mwezi Aprili 2023 namba "P 7" ya Dubai iliuzwa kwa dirhamu milioni 55 katika mnada wa kuchangia chakula kwa wenye njaa. Waswahili wanaoishi Oman wataona jambo jingine lililo karibu na la Tanzania: huko pia kibao cha njano ni cha gari binafsi, na cha gari la biashara ni chekundu.

## Namba bandia, namba pacha na mnunuzi

Namba bandia ni namba isiyokuwepo katika rejista. Namba pacha ni hatari zaidi: ni namba halali ya gari fulani iliyonakiliwa na kufungwa kwenye gari jingine la aina na rangi ileile. Askari akiitafuta kwenye mfumo ataikuta, na kila kitu kitaonekana sawa. Mwenye gari halali ndiye atakayeletewa faini, au atakayekamatwa kwa uhalifu asioufanya. Kinachoweza kutenganisha magari hayo mawili ni namba ya chesi, ambayo imegongwa kwenye chuma cha gari na ni vigumu kuibadilisha bila kuacha alama.

Tatizo la kawaida zaidi halihusu wahalifu. Ni gari linalouzwa kwa kukabidhiana kadi na funguo bila kubadilisha jina katika rejista. Kila upande una hasara yake:

* Muuzaji anabaki kuwa mmiliki mbele ya serikali. Nchini Kenya, kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema mtu ambaye jina lake limesajiliwa huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Gari likiua mtu, wa kwanza kutafutwa ni yeye.
* Mnunuzi hana haki iliyoandikwa. Muuzaji akifariki, warithi wake wanaweza kulidai gari. Gari likiwa na mkopo wa benki, benki inaweza kulichukua.
* Faini hufuata namba. Katika mfumo wa faini wa polisi nchini Tanzania madeni hutafutwa kwa namba ya gari, kwa hiyo mmiliki mpya anaweza kusimamishwa barabarani kwa makosa ya dereva wa zamani.
* Mtu wa tatu aliyegongwa anaweza kuwa na namba sahihi mkononi, lakini rejista ikamwelekeza kwa mtu aliyeuza gari miaka mitano iliyopita.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kujikinga kwa hatua chache: kulinganisha namba ya kibao, ya kadi na ya chesi iliyogongwa kwenye gari lenyewe, kutafuta deni la faini kwa namba ya gari, nchini Kenya, kuomba kutoka NTSA, kwa ada, nakala ya kumbukumbu inayoonyesha mmiliki na kama kuna mkopo, na kuhakikisha mabadiliko ya umiliki yanaingizwa katika rejista ya TRA au NTSA mara tu fedha zinapokabidhiwa.

Kwa mtu aliyeshuhudia ajali, jambo la kufanya ni jepesi zaidi: aandike au apige picha namba nzima pamoja na rangi ya kibao na aina ya gari. Herufi moja ikikosekana katika namba ya Kenya, magari yanayowezekana huwa 24, na tarakimu moja ikikosekana huwa yasiyozidi 10. Aina na rangi ya gari ndizo zinazosaidia polisi kubakiza moja.